Mtasema na Jiwe la Kusagia

Jumamosi iliyopita wameoana watu nisiowajua wala wasionijua, na mbwa wangu akajikojolea.

Ngoja nikae vizuri nikueleze. Hapa Bigwa, chini kidogo ya nyumba yangu, pale palipokuwa na shamba la mihogo la jirani, siku hizi pana ukumbi wa harusi. Ukumbi mzuri, una taa za rangi na geti la chuma. Sina ugomvi nao. Watu waoane, wazae. Ila wameleta mtindo mmoja: bwana harusi na bibi harusi wakishuka tu kwenye gari, fataki zinarushwa. Saa mbili ya usiku umekaa unakula wali wako kwa utulivu, mara paa! Mbingu inapasuka, nyekundu, kijani, mabati yanatetemeka, na watoto wa mtaa wanashangilia. Mimi mwenyewe kijiko kinaniponyoka, sembuse mbwa.

Mbwa huyu anaitwa Tomi. Si mimi niliyemleta hapa, alikuwa wa marehemu mume wangu. Alikuwa akimsindikiza mzee mpaka karibu na msikiti, halafu anajilaza ng'ambo ya barabara kumsubiri, mvua au jua. Mzee ameondoka masika yaliyopita, Mungu amrehemu, na mpaka leo mtu akipita njiani akikohoa, Tomi anainuka. Anasimama, anasikiliza, anajua siye, anarudi kulala. Humu ndani tumebaki wawili tunaofanya hivyo. Harusi ya kabla ya hii alikurupuka akaruka ua, akapotea, kijana wa bodaboda akamkuta huko Msamvu karibu na stendi ya mabasi, anachechemea katikati ya magari. Nilivyomwona anateremshwa kwenye ile bodaboda niliketi chini palepale. Nikasema, Mola wangu, usinizikishe mara mbili mwaka mmoja.

Kwa hiyo Jumamosi hii nikamfungia ndani mapema. Fataki ya kwanza, akaingia nyuma ya pipa la maji. Ya pili, nikasikia maji yanatiririka nikadhani pipa limetoboka, kumbe ni yeye. Nikampigia simu mjukuu wangu aliyeko Dar es Salaam. Akasema, "Bibi, mfungulie muziki wa taratibu, halafu mkumbatie, mbembeleze." Nikawasha redio, nikakuta wanatangaza mpira, na yule mtangazaji anapiga kelele kuliko fataki zenyewe. Nikazima. Nikapiga magoti na goti langu hili bovu, nikamkumbatia, pole baba, pole Tomi, pole mwanangu. Akazidi kutetemeka. Alivyokuwa anatetemeka mpaka mimi nikatetemeka. Na hapo hapo, nyuma ya pipa, nikasikia sauti ya bibi yangu kama ananisemea sikioni: "Mwache. Unamlilia ili iweje? Shika kazi."

Miaka mingapi sijaisikia sauti ile. Nikabaki nimekaa sakafuni kwenye maji, Tomi mkononi, lakini mimi sikuwa Bigwa tena.

Kwetu ni huko juu, Uluguru. Ukisimama hapa kwangu asubuhi kabla mawingu hayajashuka unauona mgongo wa mlima. Nyuma ya mgongo ule, ndiko. Sasa hivi gari linapanda. Enzi zetu ilikuwa njia ya miguu, njia ya kushika mizizi, na mgonjwa aliteremshwa kwa machela, wanaume wanapokezana. Mama yangu aliteremshwa hivyo, uzazi umemkwama. Hakufika. Walimgeuza njiani wakapanda naye. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka tu kanga iliyomfunika, ya rangi ya bizari, na nikashangaa kwa nini wamemfunika na uso. Nikalelewa na bibi mzaa mama. Kwetu sisi mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo hakuna aliyeuliza niende wapi, nilikuwa nimeshafika. Na mwenye kauli juu ya ile nyumba alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama.

Bibi alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, ananukia moshi na iliki. Sala tano hazikumpita. Na alifuga mbwa. Mambo hayo mawili jirani yetu, mama mmoja mwenye mdomo, aliona hayakai nyumba moja. Bibi naye hakuwa mjinga, alikuwa na mipaka yake: mbwa haingii nyumba tunayolala, hagusi mkeka, chakula chake kinawekwa kwenye kigae cha chungu kilichovunjika, na kigae hicho kinakaa peke yake. Lakini mbwa lazima awepo, kwa sababu shamba lilikuwa kule mteremkoni karibu na msitu, na nguruwe mwitu hawajui kama wewe umesali au hujasali. Mahindi yakianza kubeba, mjomba alilala shambani kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia, na mbwa chini yake. Mbwa akinyanyuka na kubweka, mjomba anapiga debe, nguruwe wanaondoka. Bila mbwa mjomba alikuwa mlalaji mzuri tu kama watu wengine. Tusingekula.

Jina la mbwa bibi alilitoa makusudi. Alimwita Mtasema. Yaani semeni mpaka mchoke. Jioni anasimama uani anaita, "Mtasemaaa! Mtasema weee!" na upande wa pili wa migomba unamsikia jirani anasonya mpaka mate yanakauka. Siku moja nikamuuliza, bibi, huogopi kugombana? Akasema, "Mimi namwita mbwa wangu. Anayeitika ni shauri yake."

Nikuambie kitu kuhusu sauti. Wewe uliyezaliwa mashine za kusaga zipo hujui. Mlima wetu ule mchana ulikuwa unatwanga. Kila nyumba ina kinu, na kila kinu kina sauti yake. Cha kwetu kilikuwa kizito, cha mti mgumu, kikisema du, du, du, cha jirani kilikuwa na ufa, kinasema da. Ng'ambo ya bonde wanajibu. Ukiwa unachota maji mtoni unajua nani ameanza kazi na nani bado amelala. Juu ya hizo sauti kuna harufu, mahindi yaliyolowekwa, magimbi kwenye majivu, mlenda unachemka. Mtasema mahali pake palikuwa nje ya mlango wa jiko. Jiko letu lilikuwa kibanda cha peke yake, cha udongo. Mchi ukianza tu, anakuja, anajilaza, anaweka kidevu kizingitini, anangoja pumba. Kwa mbwa yule mlio wa kinu ndio ulikuwa saa. Ukisikika, mambo yote yako sawa, watu wapo, chakula kinakuja.

Basi ikaja barabara. Usinielewe vibaya, tuliitaka ile barabara. Bibi alikata migomba yake mwenyewe ipite. Ilikuwa ikija vizuri kwa majembe na sururu mpaka ilipofika kwenye jabali lililo chini ya nyumba yetu, likakataa. Ikaletwa baruti. Pamoja na baruti akaja nyapara, mwanamume mrefu wa koti la kaki, si mtu wa kwetu, mpole lakini hacheki. Alitukusanya akasema hivi: kabla ya kulipua atagonga kipande cha reli kilichoning'inizwa. Mkisikia chuma, kila mtu ndani, na kimya. "Kimya kwa sababu nahesabu," alisema. "Nikiwasha tambi sita za baruti lazima nisikie milipuko sita. Nikisikia tano, moja imelala, na mtu wangu akienda pale atazikwa vipandevipande."

Watu wa kwetu wakiambiwa kimya na mgeni wa heshima wanatii kupita kiasi. Chuma kikilia, ngaa ngaa ngaa, michi inaachwa imesimama ndani ya vinu. Mama anayembembeleza mtoto anafunga mdomo. Wazee wanazuia kikohozi. Hata jirani yetu alinyamaza, jambo ambalo hatujaliona kabla wala baada. Mlima mzima unakuwa kama umekufa. Tunakaa gizani tumekodoa macho, tunasubiri, tunasubiri. Halafu, duuum! Vumbi la masizi linatudondokea kutoka paani.

Mlipuko wa kwanza kabisa Mtasema alikimbia. Alipita kwenye miguu yangu kama mtu anayefukuzwa na moto, akaingia msituni. Usiku ule nguruwe wakaingia shambani upande wa chini wakala wakalala humo humo. Asubuhi mjomba akapanda nyumbani na bua moja la mahindi mkononi, limetafunwa. Akaliweka mbele ya bibi. Mtasema akarudi baadaye, mkia tumboni. Akaanza mtindo wa kukimbia kila siku ya baruti, na baadaye akawa anakimbia hata kengele ya shule, kwa sababu na yenyewe ilikuwa kipande cha reli. Shule, mimi niliishia darasa la pili, niliacha kwa mambo mengine kabisa, lakini tuyaache hayo.

Mjomba alijaribu kumfunga. Alimfunga kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya ghala, chuma kilipolia akavuta mpaka ulimi ukawa wa zambarau, tukamkata kamba kwa panga yeye karibu afe. Sisi watoto tukajaribu kumkumbatia, tunamlilia, pole Mtasema, pole. Akaning'ata. Kovu hili hapa, kwenye kidole gumba.

Jioni ile mjomba akasema mbele ya moto, "Mama, mbwa anayekimbia kelele ni wa nini? Kazi yenyewe ya mbwa ni kelele. Kesho nitashuka naye mtoni." Kwetu ukisikia mtu anashuka na mbwa mtoni na jembe begani, mbwa harudi.

Bibi akageuza magimbi kwenye majivu. Akasema, "Niachie mpaka tuvune."

"Akikimbia tena hatutavuna."

"Basi niachie mpaka akimbie tena."

Mjomba akakubali, kwa sababu ni mama yake, na kwa sababu alijua baruti ni kesho.

Sasa bibi alikuwa mtu wa kutazama. Siku ya pili yake alikuwa anatwanga, mimi napepeta, Mtasema kizingitini. Chuma kikalia. Bibi akainua mchi auache kama kawaida, akamtazama mbwa. Akaniambia, "Mwangalie huyu. Chuma kimelia, amesimamisha masikio tu. Hajatetemeka." Na kweli. Kisha vinu vikaanza kunyamaza, kimoja, kingine, cha jirani, cha ng'ambo, na Mtasema akaanza kugeuza kichwa, huku, kule, anatafuta. Hapo ndipo mtetemeko ulipoanza, kwenye miguu ya nyuma. Baruti yenyewe bado. Bibi akasema, "Kumbe ni sisi." Akaushusha mchi, du. Akatwanga. Mlima wote kimya, kinu cha bibi peke yake, du, du, du. Jirani akapiga kelele kutoka kwake, "Wewe mama, umeambiwa kimya!" Bibi hakugeuka. Akamwita Mtasema ndani ya jiko, kitu ambacho hakijawahi kutokea, akamtupia gunia alalie, na baruti ilipolipuka mbwa aliruka, akahema, akatazama mchi unapanda unashuka, akalala.

Tukacheka mpaka machozi. Hatukujua tumefanya nini.

Jua halijashuka tukaona koti la kaki linapanda kilima. "Hodi hapa. Shikamoo, bibi."

"Marahaba, karibu. Mbona jasho namna hiyo, mwanangu?"

"Bibi, ni wewe uliyetwanga chuma kilipokwisha kulia?"

"Ni mimi. Natwanga kwangu."

Nyapara akakaa kwenye gogo bila kukaribishwa. Mikono yake aliibana katikati ya magoti. Akasema, "Tuliwasha sita. Nikasikia sita. Nikamwambia kijana wangu nenda. Mungu akataka kamba ya kiatu chake ifunguke, akainama aifunge. Ile ya sita ikalipuka akiwa ameinama. Niliyoihesabu mimi haikuwa baruti, bibi. Bonde lilinirudishia mchi wako."

Bibi alikuwa ameshika mchi. Akaulaza chini taratibu, kama unavyolaza kitu ambacho nusura kiue.

"Huyo kijana ana mama?"

"Anaye. Kisaki huko."

"Asijue," bibi akasema. "Mama yake asijue kabisa."

Jirani alikuwa ameshafika, amesimama na mikono kiunoni. "Nilisema mimi! Mbwa jikoni! Nyumba yenye mbwa malaika hawaingii, ona sasa."

"Umesema," bibi akamjibu. "Pa kusalia ni kule ndani, na huko mbwa hajafika. Hapa ni jikoni. Hebu mletee mgeni maji."

Na akaenda kuleta, nakwambia. Mgeni ni mgeni.

Nyapara akanywa, akamtazama mbwa aliyelala kwenye gunia. Bibi akamweleza yote, mahindi, nguruwe, mjomba na mto. Nyapara akasema kwao mbwa wa hivyo hangefika leo. Akatikisa kichwa. "Kinu siwezi kukuruhusu, bibi. Hata kwa mbwa wa dhahabu."

"Kinu sikitaki tena," bibi akasema. Kisha akaingia pembeni mwa jiko, pale lilipokuwa jiwe la kusagia, lile kubwa lililolazwa na lile dogo la kushika mkononi, tulilosagia ulezi wa uji. "Na hili? Shuka mpaka kwenye jabali lako, mimi nasaga. Ukilisikia, punga kofia, niache. Usipolisikia niambie."

Nyapara akashuka. Bibi akapiga magoti akasaga, khrrr, khrrr, sauti ya chini, ya kujaza kibanda na kuishia ukutani. Mimi nikasimama kwenye migomba kutazama kofia. Koti la kaki likasimama pale jabalini, limeinamisha kichwa, muda mrefu. Kofia haikupungwa. Kisha akapaza sauti kutoka kule chini, "Saga, bibi!"

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa msimu ule wote. Chuma kikilia, bibi anamwita Mtasema jikoni, tunashusha mkeka mlangoni, mwanga unabaki ule wa makaa. Gunia pale pale kila siku, halihamishwi. Bibi anasaga. Kazi yangu mimi ilikuwa pumba: kila mlio, kabla mbwa hajapata nafasi ya kufikiri, namwagia konzi ya pumba kwenye kigae. Duuum, pumba. Duuum, pumba. Na nilikatazwa kusema pole. Bibi alikuwa mkali kwa hilo. "Ukimwambia pole unamwambia kuna msiba. Kuna msiba? Hakuna. Tunasaga." Mwanzoni Mtasema alikuwa anakula huku anatetemeka, pumba zinamwagika. Siku zilivyokwenda akawa akisikia chuma anakuja mwenyewe jikoni, anakaa kwenye gunia, anakitazama kigae, halafu ananitazama mimi kama kwamba nimechelewa.

Mjomba alikuja siku moja. Aliinua mkeka akaingia akiwa ameinama, akachuchumaa kwenye giza. Nadhani alikuja kuona akimbie, amalize. Baruti ikalia, masizi yakatuangukia kwenye nywele. Mtasema akala. Mjomba akakaa pale mpaka ya mwisho, kisha akachukua konzi ya pumba kwenye ungo wangu akamimina yeye mwenyewe kwenye kigae, akajifuta mikono, akatoka. Jioni alimpigia mluzi, mbwa akamfuata kwenye dungu. Habari ya mto haikutajwa tena. Mahindi tulivuna.

Lakini nataka nikuambie jambo ambalo nililiona siku zile na nikalielewa nimeshakuwa mtu mzima. Nilikuwa nimekaa chini sana, kwenye kigoda, macho yangu yako sawa na jiwe. Baruti ikilia, mkono wa bibi ulikuwa unatetemeka. Jiwe dogo liligonga lile kubwa, tk, tk, halafu anaukaza mkono, anaendelea, khrrr. Nilidhani anaogopa mlio kama sisi. Siku ya mwisho wa jabali, watu wanapiga vigelegele nje kwamba njia imepita, hakutoka. Alibaki amepiga magoti, unga umejaa mpaka unamwagika kwenye ungo, anasaga. Akasema, wala si kwangu, "Ingekuja mapema kidogo." Basi. Hilo ndilo neno pekee nililomsikia akisema juu ya mama yangu na ile barabara. Kila mlio ulikuwa ukifungua njia ambayo mwanawe aliihitaji, na yeye alikuwa amekaa gizani anausikiliza, na hakuna aliyemwambia pole. Nafikiri hakutaka.

Lori la kwanza lilipopanda tulilikimbilia na majani ya migomba. Mtasema alilibwekea vizuri sana. Likaleta chumvi, likaleta mabati, wagonjwa wakashuka wamelala juu ya magunia ya ndizi na wakapona. Na siku moja likaleta mashine ya kusaga. Ilifungwa pale pale jabali lilipokuwa. Ikaanza kunguruma, tukaenda wote kuitazama, unga mweupe laini unatoka kama maji. Nani angerudi kwenye kinu? Hata bibi alipeleka mahindi yake. Vinu vikanyamaza kama zamani za chuma, kimoja, kingine, cha jirani, cha ng'ambo, ila safari hii havikuanza tena. Mtasema, mzee sasa, alikuwa akija mchana kizingitini anaweka kidevu, anangoja, hasikii kitu, anaondoka. Bibi akaona huruma. Akawa anasaga ulezi kidogo kila siku, uji wa mtu mmoja, na unga wa mashine umejaa debe. Jirani akamcheka, "Unamsagia mbwa?" Bibi akasema, "Semeni tu."

Alikufa bibi kwa kifua, hospitali ya mjini, aliteremshwa kwa gari na kurudishwa kwa gari, kwa barabara yake. Msibani, wanawake wakataka uji wa wagonjwa na wazee, mashine imeharibika. Jirani, yule yule, akaingia jikoni kwetu akapiga magoti kwenye jiwe la bibi. Alipoanza tu, mbwa akatoka chini ya ghala alikokuwa amejificha tangu wapige yowe, akapita katikati ya watu, akajilaza kwenye gunia. Jirani hakumfukuza. Alisaga mpaka jioni, analia, na pumba akampa. Sijawahi kumsema vibaya yule mama tangu siku ile, ukiacha haya niliyokuambia leo.

Jiwe nililichukua mimi. Nilipoolewa huku Bigwa lilishuka na lori pamoja na kitanda. Nililisagia miaka ya mwanzo, halafu, utasemaje, mambo ya mjini, unga wa mfuko. Limekaa uani karibu na bomba, watu wanasimama juu yake kuosha miguu. Wajukuu wangu wanajua ni jiwe la kuoshea miguu.

Basi Jumamosi ile nikamwacha Tomi nyuma ya pipa. Nikatoka, fataki zinapasuka juu ya kichwa changu, uani kumekuwa kijani, kumekuwa kwekundu. Lile kubwa siliwezi tena. Nikalibiringisha, nikapumzika, nikalibiringisha, mpaka sebuleni. Lile dogo nilikuwa nimelitumia kuzuia mlango. Nikayaosha. Ulezi sina, nikachukua mahindi ya kuku. Nikalaza gunia, nikapiga magoti. Khrrr. Mkono haukuwa umesahau, goti ndilo lililokumbuka mengine. Nikamwaga konzi ya unga wake sakafuni karibu na gunia, sikumwita, sikumtazama, sikusema pole. Nikasaga.

Mbwa wa mjini hajui kinu wala jiwe, mama yake hakujua, sikuwa na sababu ya kutegemea kitu. Lakini kazi ni kazi, nadhani inanukia. Baada ya muda pua ikatokea pembeni ya pipa. Halafu kichwa. Alikuja akiburuta tumbo, akala kidogo, paa! akagandamana sakafuni, nikamwaga konzi nyingine. Mwishowe alilaza kidevu ukingoni mwa gunia, si juu yake, ukingoni. Bado anatetemeka, nisikudanganye. Lakini yupo.

Fataki zikaisha. Nikasikia wale maharusi wanapigiwa muziki, watu wanacheka. Nikausimamisha mkono. Sijui nilikuwa nataka nini. Nadhani nilitaka kusikia kama kuna mwingine anasaga, au mchi hata mmoja, mtaa wa juu, ng'ambo, mlimani. Ilikuwa kimya. Kimya chetu kile kile. Tomi akainua kichwa akanitazama, na miguu ya nyuma ikaanza kutetemeka.

Nikashika jiwe, nikaendelea.